Mbivu na Mbichi

Lugha yetu ina tabia ya kuweka mambo mawili katika neno moja, na aghalabu huwa ina sababu. Embe lililoachwa mtini mpaka likalainika tunasema limeiva. Wali uliokauka maji jikoni nao tunasema umeiva. Mpango uliokamilika, jipu lililo tayari kutumbuliwa, kijana aliyefundwa akafundika: wote hao wameiva. Na kinyume cha hayo yote ni neno moja tu, mbichi. Kwa Mswahili, basi, jua na moto hufanya kazi moja. Jua huivisha shambani, na pale linapoishia, moto wa jikoni huendeleza. Sikuwahi kulitafakari jambo hili mpaka siku nilipoketi mezani katika mji wa San Francisco, mbele ya sahani ya chakula ambacho waliokiandaa walijivunia kwamba hakikuiva.

Ilikuwa Julai mwaka 2010. Nilikuwa Marekani kwa shughuli nyingine, nikapata siku nne za kumtembelea somo yangu anayeishi Oakland, ng'ambo ya ghuba. Tunaitana somo kwa kuwa jina letu ni moja, na tumeitana hivyo tangu tulipokuwa tukikalia dawati moja shule ya msingi huko Mtwara. Yeye alikwenda Marekani na mumewe, akapata kazi ya kutunza wazee. Mume alifariki mwaka 2007, na mtoto wao wa pekee alihamia Texas kutafuta maisha. Nilimkuta amekonda. Sikusema neno, maana kwetu mtu akikonda hatumpongezi. Twasubiri aeleze mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulipanda treni inayopita chini ya maji ya ghuba tukaibukia San Francisco. Ukungu ulikuwa mzito na baridi yake ni ya kushangaza kwa mtu aliyeambiwa kwamba Julai ni kiangazi. Tulianzia kwenye soko la wakulima lililo mbele ya jengo la zamani la vivuko, ambalo tangu mwaka 2003 limegeuzwa kuwa nyumba ya maduka ya vyakula. Somo alinunua karoti, figili na majani ya aina nyingi, akijaza mfuko kama mtu afugaye sungura. Kisha tukaelekea mtaa wa Mission, ambako ukungu hukatika na jua hupatikana. Huko wanakaa watu wengi wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na kuta za vichochoro vyake zimejaa michoro mikubwa ya rangi. Tulisimama kitambo mbele ya Jengo la Wanawake katika barabara ya 18, ambalo kuta zake zilichorwa mwaka 1994 kwa nyuso za wanawake wa mataifa mbalimbali. Harufu ya chapati za mahindi zikichomwa ilitufuata kila tulikopita. Niliona somo akiivuta puani, kisha akiharakisha mwendo.

Tulipumzika kwenye bustani ya Dolores, iliyo mtelemkoni, ambapo mji wote huonekana chini. Kwenye pembe ya juu ya bustani hiyo, makutano ya barabara ya 20 na Church, pana bomba la zimamoto lililopakwa rangi ya dhahabu. Somo ndiye aliyenisimulia habari yake. Tetemeko la Aprili 18, mwaka 1906, lilipoupiga mji huu alfajiri, mabomba mengi ya maji yalikatika, na moto ukala mji kwa siku tatu na zaidi. Bomba hilo lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoendelea kutoa maji, na kwa hilo sehemu kubwa ya Mission ikasalimika. Kila mwaka, tarehe hiyohiyo, watu huja kulipaka rangi upya kwa shukrani.

Jambo lililonivutia zaidi ni moto wenyewe ulivyoanza. Ilianza mioto mingi, na mmojawapo ulio mbaya uliwaka asubuhi ileile, pale mama mmoja alipowasha jiko ili awapikie watu wake kifungua kinywa. Dohani ya nyumba yake ilikuwa imepasuka kwa tetemeko naye hakujua. Mpaka leo moto ule unaitwa Moto wa Nyama na Mayai. Baada ya hapo wakubwa wa mji walipiga marufuku kuwasha jiko ndani ya nyumba hadi dohani zikaguliwe, na kwa miezi kadhaa watu, matajiri kwa maskini, walipika barabarani, mlango kwa mlango.

"Unaona, somo?" akasema akicheka. "Mwanamke kakaanga mayai, mji ukateketea. Ndiyo maana mimi nimeacha kupika."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Pale pale kwenye nyasi akanieleza kwamba mwaka uliotangulia alionekana ana sukari. Wote wawili tulinyamaza, maana wote wawili tulimkumbuka marehemu mama yake, aliyekatwa mguu kwa maradhi hayohayo na ambaye hatukuweza kumuuguza ipasavyo. Akaendelea. Miezi minne iliyopita alikutana na kina mama fulani wanaokula vyakula vibichi tupu: matunda, mboga, mbegu, kokwa, vyote visivyopata moto. Amejiunga nao. Amepungua kilo 11. Kipimo chake cha sukari kimeshuka. Sasa anakusudia, mwisho wa mwezi, kuacha vidonge.

"Leo utakula ninachokula," akasema. "Halafu useme kweli. Wewe huwa husemi uongo kwenye chakula."

Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye.

Mkahawa wenyewe sitautaja jina, kwani sina nia ya kumharibia mtu biashara, na tena ulikwisha kufungwa zamani. Ulikuwa mmoja wa jamii kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, California ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mapishi yasiyo na mapishi. Kaskazini ya daraja la Golden Gate, katika mji mdogo wa Larkspur, mpishi Roxanne Klein alifungua mwaka 2001 mkahawa wa vyakula vibichi wa hadhi ya juu kabisa, na mwaka 2003 akatoa kitabu pamoja na mpishi maarufu wa Chicago, Charlie Trotter. Mkahawa ule ulifungwa mwaka 2004, lakini mfano ulikuwa umekwisha kuenea. Huu wetu haukuwa wa kifahari. Ulikuwa na meza moja ndefu ya mbao katikati, ambapo watu wasiojuana hukaa pamoja, na mhudumu kijana aliyemwita somo kwa jina lake, tena kwa matamshi sahihi.

Kwanza ililetwa supu baridi ya parachichi, tango na ndimu. Nasema bila kusita kwamba ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa laini, ina uchachu wa kuamsha ulimi, na haikudai kuwa kitu kingine. Ningeinywa tena leo.

Kisha ikaja lazanya. Msomaji asiyeijua aelewe kuwa lazanya ni chakula cha Kiitalia cha tabaka za tambi pana, nyama na jibini, kilichookwa. Hii ya kwetu ilikuwa vipande vyembamba vya zukini, yaani mumunye mdogo wa kijani, vilivyopangwa pamoja na nyanya iliyopondwa na rojo zito la korosho lililoitwa jibini. Ililetwa pia "piza" ambayo mkate wake ni mbegu zilizosagwa zikakaushwa, na mwisho "keki" ya tende na kokwa. Ladha hazikuwa mbaya. Lililonichosha ni majina. Chakula kinachojiamini hakiazimi jina la kingine. Sisi tuna vyakula vibichi tangu enzi: kachumbari, embe bichi la chumvi na pilipili, dafu. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuiita kachumbari mchuzi. Kachumbari inajijua ni kachumbari, na inakaa kando ya pilau kwa heshima zote. Lakini lazanya isiyookwa humlazimisha mlaji akumbuke kila tonge kile alichonyimwa. Mkahawa uliokataa moto ulikuwa umejaza orodha yake ya vyakula majina ya watoto wa moto.

Hoja yangu ya pili ilikuwa juu ya korosho, na hapo nilikuwa na haki ya kusema kuliko wote waliokuwa mezani, isipokuwa somo. Nilimuuliza mhudumu kama korosho zile ni mbichi. Akaniambia kwa fahari kwamba ni mbichi kabisa. Nikamtazama somo, naye akaangua kicheko, maana sote tumekulia kwenye moshi wa korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Bibi yangu alizichoma uani juu ya kipande cha bati mpaka maganda yakawaka moto yenyewe, akazimwagia mchanga, ndipo tukakaa kuzibangua, na bado vidole vyetu vilibaki na madoa meusi kwa majuma. Viwandani huzipika kwa mvuke kwanza, kisha ndipo ganda hukatwa. Kwa hiyo karibu korosho zote zinazouzwa ng'ambo kwa jina la mbichi zimekwisha pata moto, ila ni moto uliowashwa mbali na macho ya mlaji. Korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa na maganda yake hadi India na Vietnam, na huko ndiko mikono ya wanawake wengine hubeba madoa. Lozi nazo zina habari yake. Tangu Septemba mwaka 2007, lozi za California zinazouzwa nchini Marekani hazina budi kuuliwa vijidudu, kwa mvuke au kwa dawa, baada ya watu kuugua miaka ya nyuma yake. Hata hivyo sheria iliruhusu ziendelee kuitwa mbichi.

Na ile mikate ya mbegu? Hukaushwa kwa saa nyingi ndani ya vikaushio vya umeme, kwa sharti kwamba joto lisipite nyuzi 48 hivi. Sina ugomvi na kukausha. Makopa ya muhogo na samaki wetu hukaushwa vilevile, na jua letu juu ya bati huenda linazidi nyuzi hizo. Lakini nikajiuliza: hewa ya moto inayopulizwa na umeme usiku kucha ina utakatifu gani usiokuwamo katika sufuria inayochemka dakika kumi?

Jibu la wenye mkahawa ni vimeng'enya. Wanasema chakula kibichi kina uhai, na kwamba moto huua vimeng'enya ambavyo mwili unavihitaji ili kusaga chakula. Nusu ya kwanza ni kweli: joto huharibu vimeng'enya. Nusu ya pili haisimami. Vimeng'enya ni protini, na tumbo letu lenye tindikali huvivunja kama livunjavyo protini nyingine. Vya kusagia chakula mwili huvitengeneza wenyewe.

Fikra hii ina ukoo wa heshima, nami nisingependa kuidharau. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, aliyezaliwa mwaka 1867, aliwaamuru wagonjwa wake wale matunda na mboga mbichi wakati ambapo hata neno vitamini halijabuniwa. Lilibuniwa mwaka 1912. Waganga wenzake walimwona amepotoka, kumbe mkono wake uligusa ukweli kabla ya sababu yake kujulikana. Chakula chake maarufu kilikuwa tufaha lililokwaruzwa, kijiko cha shayiri iliyolowekwa, ndimu na kokwa. Na hakuona haya kukitia maziwa mazito ya kopo, ambayo hakika yalipikwa. Waliomfuata ndio waliokuwa wakali kuliko yeye. Mmoja wao, Ann Wigmore wa Boston, alisifu maji ya majani ya ngano na vyakula vibichi kwa karibu kila maradhi. Mwaka 1982 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Massachusetts alimshitaki kwa kudai kwamba njia yake inaweza kupunguza au kuondoa haja ya insulini kwa wenye sukari. Alishindwa, akayafuta madai.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoacha kuwa ya chakula.

Nilimwambia somo kwamba kupungua kwake ni jambo la kweli, na kushuka kwa sukari ni jambo la kweli, lakini sababu si ubichi. Ameacha soda, ameacha wali sahani mbili na maandazi ya zamu ya usiku. Amekula mboga kuliko alivyopata kula maishani mwake. Maharage ya kuchemsha na mchicha wa kupikwa, kwa kiasi, yangefanya kazi hiyohiyo. Nikamwambia kwamba binadamu hakukosea kuwasha moto. Richard Wrangham wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu mwaka 2009 akitetea kwamba kupika ndiko kulikotufanya watu: chakula kilichoiva hutoa nguvu nyingi kwa kutafuna kidogo. Uchunguzi uliotolewa Ujerumani mwaka 1999, uliowahoji watu zaidi ya 500 walioishi kwa vyakula vibichi, ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 walikuwa wamekosa hedhi, kwa sehemu au kabisa. Mwili hauvunji mfungo wa namna hiyo bure.

Na sisi je, nikamwuliza, sisi watu wa muhogo? Kisamvu kibichi hakiliwi. Muhogo mchungu una sumu, na bibi zetu waliishinda kwa kuumenya, kuuloweka, kuuanika, kuutwanga, ndipo kuupika. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu waliobanwa na njaa walifupisha kazi hiyo, na baadhi yao walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Maarifa ya jikoni si anasa. Ni elimu iliyolipiwa kwa miguu ya watu.

Nilikuwa nimepata moto, na watu wa meza ndefu walikuwa wakitutazama ingawa hawakujua Kiswahili. Nikamaliza kwa kusema kwamba vidonge asiviache mpaka daktari wake aseme.

Somo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Umesema kuhusu korosho, lozi, Zürich na Tarime. Hujaniuliza kwa nini nakuja hapa."

Nikamwuliza.

"Tangu Baba alipofariki," akasema, akimaanisha mumewe, "jiko langu nimeliwasha kwa chai tu. Nikipika wali, najikuta nimepika wa watu watatu. Nikipunguza, sufuria ya mtu mmoja hata harufu haina. Karoti hata ukiila peke yako haikukumbushi mtu. Na hapa Jumamosi nakaa kwenye meza yenye watu, na yule kijana anajua jina langu. Wewe unaonja sahani, somo. Mimi nakuja kwa ajili ya meza."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya kosa wanalofanya wahakiki wengi, mimi nikiwamo: kukipima kitu kwa madai kinayojitangazia, na kusahau kumwuliza anayekitumia anakitumia kwa haja gani. Madai ya mkahawa ule yalikuwa dhaifu, na bado nasema hivyo. Lakini hakuna hoja yangu hata moja iliyogusa nyumba yenye sufuria zilizofunikwa kabatini.

Kesho yake, Jumapili, niliomba ruhusa ya jikoni. Nilipika wali wa nazi na samaki, nikijiona mshindi. Somo hakunizuia. Alikula, akasifu, akapiga simu Texas kumwambia mwanawe kuna harufu gani ndani ya nyumba. Baada ya saa mbili alijichoma kidole akapima sukari, akanionyesha namba bila kusema neno. Ilikuwa imepanda sana. Basi na mimi nikajifunza kwamba kuiva peke yake si hoja. Wali wangu mweupe ulikuwa umeiva barabara, nao ulikuwa unamdhuru.

Juma lililofuata alikwenda kwa daktari wake, akamweleza yote, hata kusudio la kuacha vidonge. Daktari alimpunguzia kipimo cha dawa, hakumwachisha. Mpaka leo anavimeza, na miguu yake yote miwili ingali mizima. Mchana hula vibichi kama zamani. Jioni za Jumapili hupika kunde, samaki na mboga pamoja na wenzake wawili wa kazini, kila wiki kwa mmoja wao. Mkahawa ulipofungwa alihuzunika, nami nilihuzunika pamoja naye, jambo ambalo nisingelitarajia.

Wenye mkahawa walifikiri kwamba moto ndio adui. Mimi nilifikiri kwamba kukataa moto ndiko ugonjwa. Wale watu wa San Francisco wa mwaka 1906, waliotolewa majiko yao nje na kupika barabarani, nadhani wangetuelewa vyema kuliko tulivyoelewana wenyewe siku ile. Moto uliwaunguzia nyumba, nao kesho yake waliuwasha tena kando ya njia, wakakaa kuuzunguka. Ikiwa utapata nafasi ya kula chakula kibichi, msomaji, kile, hasa supu ya parachichi. Usiamini kila kinachosemwa juu yake, na vidonge vyako usiviguse. Lakini kabla hujamhukumu aliyekupeleka, mwulize kwanza nyumbani kwake anakula na nani.